Sahihisho Uliloliacha Daftarini

Kijiko kinagonga kikombe gizani, mara mbili, halafu kimya. Kila alfajiri nausikia mlio huo kabla sijafumbua macho, nami nikiwa bado nusu ndotoni najiambia: ameamka, leo kuna kikao cha baraza. Kisha nakumbuka. Ni mama yako. Tangu uondoke amehamia kwetu, naye hukoroga chai kama wewe. Au tuseme wewe ndiye uliyekoroga kama yeye.

Mwaka umezunguka, mpenzi, tangu Jumapili ile uliposema unajilaza kidogo kabla ya chakula. Tulikufunikia sahani. Moyo wako ulisimama kimyakimya, na sisi huku tukiwakataza watoto wa jirani wasipige kelele, eti umelala.

Miaka kumi na saba uliandika habari za siasa. Ulikaa benchi la mwisho kwenye ukumbi wa baraza la mji, karibu na mlango, kwa sababu ulisema wenye jambo hutoka nje mapema. Ulivua viatu chini ya benchi na kusikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Waheshimiwa walikuogopa asubuhi na kukutania jioni. Mmoja alikutumia kapu la matunda baada ya uchaguzi. Ulimrudishia kapu zima na kikaratasi juu: "Ahsante mheshimiwa, tumeshakula." Na siku hiyo, Mungu shahidi, tulikuwa hatujala.

Vijana wa chumba cha habari walikuita Nukta. Uliwaambia: weka nukta, pumua, msomaji naye ana mapafu.

Na mimi, niliyemalizia shule kwenye madarasa ya jioni, ulinifanya mhariri wako wa kwanza. Ulisimama mlangoni pa jikoni na karatasi mkononi, ukanisomea kila habari kabla haijaenda. Nilikuwa nakoroga chungu huku nasikiliza. Nikiacha kukoroga, ulijua sentensi imekwama, ukaifuta bila kuniuliza. Wali uliungua mara nyingi kwa ajili ya siasa za mji huu.

Bado nakuona. Nikimnyonyesha mdogo mchana, usingizi ukinipitia, nakukuta kwenye ukumbi ule. Viti vyote vitupu, mapazia yanapumua, hakuna anayehutubia, na wewe unaandika tu, unaandika. Nakuuliza, "Unaandika nini na hakuna anayesema?" Unaniinulia kidole, ningoje. Nangoja mpaka mtoto ananiamsha.

Tunakuandikia haya gazetini, mahali ulipofanyia kazi, kwa sababu kuna jambo ulilolianza na hukulimaliza. Wanaotusoma watuvumilie, ni jambo lao pia.

Uliandika habari nyingi kuhusu uwanja wa shule ambao baraza lilitaka kumpa mtu ajenge maduka. Habari moja tu hukunisomea. Mimi nilikuwa nimelazwa, mimba inasumbua, na wewe ulikuwa unakimbia kati ya wodi na chumba cha habari. Katika habari hiyo ulisema karani wa masijala, yule mama anayepokea na kutunza barua zote za baraza, ndiye aliyeidhinisha barua ya kuutoa uwanja. Sahihi yake ulikuwa nayo, kwenye ukurasa wa pili wa barua. Ulimpigia simu, haikupokelewa, na mtambo wa kuchapa ulikuwa unasubiri.

Ukurasa wa kwanza wa barua uliupata wiki tatu baadaye. Ulirudi nyumbani ukakaa kitandani na viatu miguuni, wewe usiyekanyaga mkeka na viatu.

"Nimemkosea mtu," ulisema. "Alisaini kwamba barua imefika. Basi. Kazi yake ni hiyo, kupokea."

"Sasa?"

"Sasa niende kwake."

Ijumaa hiyo ulimpigia, safari hii akapokea, ukamwambia utafika Jumatatu umsomee utakachoandika. Hiyo ndiyo desturi yako tuliyoijua: mtu asikutane na jina lake gazetini kabla hajalisikia kinywani mwako. Sahihisho uliliandika Jumamosi kwenye daftari la bluu. Jumatatu ile tulikuzika.

Nilipolipeleka daftari kwa mhariri wako, alilisoma amesimama, akakaa, akalisoma tena.

"Shemeji," akasema, "maiti hasahihishwi. Tumwache apumzike."

"Hataki kupumzika hivi."

"Tukilitoa hili, waheshimiwa watasema habari zote za uwanja zilikuwa uongo. Kesi iko mahakamani. Unajua watamfanyaje?"

Nilijua. Ndiyo maana nilikaa nalo miezi, nimelifunga kwenye kanga ya mtoto. Nilikuwa naogopa jina lako, nusu ya urithi wa watoto hawa, lisichafuke mikononi mwangu.

Lakini kulikuwa na jina jingine. Karani alisimamishwa kazi. Alipopita dukani watu walinyamaza. Na binti yake, anayesoma darasa moja na wetu, watoto walimwimbia wakati wa mapumziko: mama yako kauza uwanja. Nasema hili kwa uchungu, baba watoto, maana ulimpa binti yetu jina la Kasuku kwa kurudia kila analosikia, na wimbo huo naye aliuimba. Alikuja akaniimbia jikoni, akicheka, akidhani ni sifa zako.

Siku hiyo niliacha kukoroga.

Nilienda kwa karani, mdogo wetu mgongoni. Alifungua mlango nusu.

"Nilikuwa namsubiri yeye," alisema, "si wewe."

"Najua, dada. Nimekuja na maneno yake."

Alinitazama, akamtazama mtoto. "Huyu hakumwona babake?"

"Hakumwona."

"Ingia basi. Usisimame na mtoto kwenye jua kama unadai."

Nilimsomea. Alifumba macho. Nilipofika katikati akasema, "Rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo anaposema kosa ni lake."

Nikarudia. Akaniomba tena. Kisha akaenda kuniletea maji, akakaa huko ndani muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Aliporudi aliniambia kamati ya nidhamu inakaa mwezi huu, na kwamba daftari la marehemu halitamsaidia, ila kilichochapishwa. "Waliniondoa kwa gazeti," alisema. "Watanirudisha kwa gazeti, au hawatanirudisha."

Jioni hiyo tulikaa kikao cha familia. Kaka yako alikataa katakata. "Unataka kumvua nguo marehemu hadharani? Aliyeandika habari mia, mumtangaze kwa moja?" Dada zako wakatazama chini. Wote tukamgeukia mama yako, ambaye tulidhani anasinzia.

"Huyu mtoto," akasema, "alipokuwa mdogo alivunja dirisha la jirani, akaja kuniambia mimi. Nikamwambia, dirisha si langu, mwambie mwenye dirisha. Akaenda analia njia nzima. Lakini alienda." Akajifunga vizuri mtandio. "Alikuwa njiani kwenda Jumatatu. Nyie mnabishana nini?"

Kaka yako kesho yake alivaa shati la kazini, akanisindikiza kwa mhariri.

Basi haya ndiyo maneno yako, kama ulivyoyaandika, na nukta zako zote:

"Katika habari yangu kuhusu uwanja wa shule nilisema karani wa masijala aliidhinisha barua ya kuutoa. Si kweli. Sahihi yake ni ya kupokea barua tu. Niliandika kabla sijaona ukurasa wa kwanza. Kosa ni langu, si la aliyenipa karatasi, wala si la gazeti. Mengine niliyoandika kuhusu uwanja yana ushahidi na nitayasimamia popote. Namwomba radhi yeye na nyumba yake."

Mhariri wako amekubali litoke. Katika yote niliyoandika hapa amekata neno moja tu, pale nilipokuita shujaa. Alisema wewe mwenyewe ungelikata. Nimemwachia.

Watakaosema ulikuwa mwongo watasema. Sisi tunaoishi na madaftari yako tunajua ulipokosea na ulipopatia, na tunalala. Wanasheria wanaotetea uwanja nao wamesoma ukurasa wa kwanza, wamesema unawasaidia, maana sasa inajulikana barua ilitoka ofisi ipi. Watoto bado wanacheza pale. Mdogo amesimama wiki hii, ameshika benchi lako la jikoni, akatembea hatua mbili akielekea kwa mtu ambaye hatukumwona. Nimeamua ulikuwa wewe.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado anakuachia kipande cha mwisho cha mkate, kaka yako na dada zako wawili, mkeo, Kasuku, na mdogo wake anayechukua kipaji chako cha kukunja uso, wenzako wa chumba cha habari, walioliacha wazi benchi la mwisho siku ya kikao cha kwanza bila wewe, na wengine ambao uliwaandikia haki zao na hatuwajui. Siku zikienda, hatutakwenda nazo tukakuacha nyuma.

Jana usiku nilimsomea Kasuku maneno yako, taratibu, akauliza maswali yake mpaka yakaisha. Asubuhi hii tukiwa njiani kwenda shule, binti wa karani alikuwa mbele yetu, anatembea peke yake, begi limemzidi mgongo. Langoni walisimama wale waimbaji. Kasuku aliuachia mkono wangu, akaenda mpaka kwa yule mtoto, akasimama pembeni yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mama yake hakuuza uwanja."