Wimbo Ambao Zaituni Hakuimbiwa

Kibera, Nairobi
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sauti unayoisikia ni ya Zaituni, maneno ni yangu mimi mwanao Rajabu. Kwanza tulieni nyote wawili, hakuna msiba. Mimi ni mzima, nakula, nalala, mikono imejaa grisi kama kawaida. Najua bahasha iliyokatazwa kufunguliwa njiani huleta hofu. Nilimwagiza dereva wa lori la Juba aipeleke Koboko kwa Zaituni, amwambie asiifungue mpaka awe amekaa mbele yako. Lori limepita hapo Arua, karibu kabisa na mlango wako, likaenda zake na barua yako ndani. Mtasema Rajabu amerukwa na akili. Subirini kidogo.

Goti lako vipi, Mama? Bado linakusumbua mvua ikikaribia? Nasikia huko kwetu sukari na sabuni siku hizi vinatafutwa kwa tochi. Dereva amebeba kidogo. Miche ya sabuni ni yako, sukari mgawane na Zaituni. Naandika Kiswahili kwa sababu Kinubi chetu sikufundishwa kukiweka kwenye karatasi. Pakiwa pagumu, Zaituni atakugeuzia.

Hapa gereji kuna redio inayoshinda ikiimba, na nyimbo za Zaire nazijua zote, hata zile ambazo maneno yake sielewi hata moja. Wenzangu huniuliza, Rajabu, umejifunzia wapi? Huwaambia, Koboko sokoni. Unakumbuka ulikuwa ukinituma kule Lobule, upande wa Koboko, kuchukua muhogo kwa baiskeli? Basi pale sokoni Koboko kulikuwa na muuza vitenge kutoka ng'ambo, Zaire, alikuwa akipiga santuri ili watu wajae. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao waimbaji wakinyamaza, magitaa yanabaki yenyewe, yanakimbizana, huwezi kuondoka. Nilisimama na gunia langu juu ya baiskeli mpaka jua likageuka. Nilipofika nyumbani ukaniuliza nimekawia wapi, nikasema tairi limepasuka. Loo, uongo nilianza zamani, Mama.

Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichonunua Nairobi kilikuwa santuri ya betri. Wenzangu walinunua viatu. Nilikuwa na sahani za nyimbo kumi na moja, na kila moja ina siku yake. Kuna iliyokuwa ikipigwa nilipopata kazi. Kuna niliyoisikiliza wiki nzima Baba alipofariki, maana sikuwahi mazishi. Huo ndio muziki nilioupenda, na hata sasa siwezi kuukana.

Ila sasa nisikilize. Zaituni, usiruke mstari hata mmoja. Soma kama ilivyoandikwa.

Mama, siku ya harusi ya Zaituni nilikuja na hiyo santuri. Unakumbuka nilivyovaa, suruali ya bugaluu inafagia ua mzima. Wewe ulikuwa umetunga wimbo wa bibi harusi. Mwezi mzima ulikuwa ukiuimba mdomoni ukipepeta simsim, mtu akikaribia unanyamaza, kwa sababu kwetu wimbo wa bibi harusi hausikiwi kabla ya siku yake, na siku yake ikipita umepita. Nilipofika ulinipokea vizuri. Uliiangalia santuri, ukacheka, ukasema, "Iko nzuri, mwanangu. Wimbo yangu ikiisha, piga mpaka betri ikufe."

Ulinipa nafasi yangu. Mimi sikukupa yako.

Alasiri vijana wa Koboko wakaja na bwana harusi. Watoto wa askari wale, viatu vinang'aa, wananukia. Nikawapigia sahani moja, wakapiga makofi. Nikawapigia ya pili. "Weka ile ingine! Hii iko tamu!" Wallahi kichwa kilinivimba. Nilitaka waseme, yule ndiye Rajabu wa Nairobi. Nikatazama upande wenu, nikawaona mmekaa na ngoma zenu za doluka, wamama wamejitanda gurbaba zao, ngozi zimeshapashwa moto, mnangoja. Nikaona aibu. Nilikuonea aibu wewe uliyenizaa.

Akaja mama mdogo Hawa. "We Rajabu, funga hiyo kitu. Wamama iko tayari."

Ningeweza kusema, ngoja kidogo. Ningeweza hata kukataa tu, nikaitwa mtoto asiye na adabu, ikaisha. Badala yake nikamwambia, "Si mimi. Bibi harusi mwenyewe anakataa. Anasema ngoma yenu iko ya zamani, watu ya Koboko watamucheka."

Mama mdogo akanitazama. "Zaituni alisema hivyo? Na mudomo yake?"

"Na mudomo yake."

Zaituni alikuwa ndani, amefunikwa, hajui lolote. Mimi ndiye niliyesema. Astaghfirullah. Hakuna mtu aliyenituma, hakuna mtu aliyenisaidia.

Zaituni, najua umenyamaza. Soma.

Mama, nilikuona ukipokea maneno hayo. Hukuuliza mara mbili. Uliinuka na ngoma yako, ukaiingiza ndani, ukatoka mikono mitupu, ukaanza kupakulia wageni chakula. Wamama wakala, wakaaga mapema. Mimi nikaendelea kubadilisha sahani. Na nilijua hutamuuliza Zaituni, kwa sababu nakujua, ukiumia hufungi duka tu, unameza na ufunguo. Niliutegemea ukali wako unifiche.

Kisha kabla bibi harusi hajatolewa, mdogo wangu Zaituni akaniita mlangoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kaka, mbona Mama hajaniimbia?" Nikamjibu, "Anasema sauti imemkauka." Wakati huohuo wewe ulikuwa jikoni ukiwaita watu kwa jina, sauti inafika mpaka mtoni. Alisikia. Akatoka nyumbani bila kulia, na kwetu bibi harusi huondoka analia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mwaka wa tatu. Zaituni aliniandikia kwamba hukumpenda mumewe, ndiyo maana ulimnyima hata wimbo. Alipojifungua akakuita kwenye arobaini ya mtoto, hukwenda. Maneno uliyomjibu mjumbe wake nimeletewa mpaka huku: aliyeona aibu ya ngoma yangu, mtoto wake abembelezwe na santuri. Na santuri yenyewe mimi ndiye niliyewaachia, zawadi ya harusi! Nilisoma maneno hayo nimelala chini ya gari, nikabaki hapohapo hata kazi ilipokwisha. Nikasema leo naandika. Sikuandika. Nikatuma nguo za mtoto.

Kilichonifikisha hapa ni harusi. Juma lililopita jirani yetu aliozesha binti, na Wanubi wa Kibera doluka wanaijua. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, wamama wakaanza. Mama wa bibi harusi akaimba akimtaja mama yake, na mama wa mama yake, mpaka walikotoka, na yule binti kule ndani tukamsikia analia. Pilau ikanishinda. Bibi mmoja mzee akaniona, akauliza, "Wewe mtoto ya wapi?"

"Arua. Mtaa wa Oli."

"Mama yako anapiga doluka?"

"Alikuwa anapiga."

"Pole. Alikufa lini?"

"Hajafa, bibi. Iko nzima."

"Sasa kwa nini unasema alikuwa?"

Niliweka sahani chini, nikaenda bombani, nikajifanya nanawa uso.

Mama, Zaituni hakukukataa. Hakusema neno hata moja. Zaituni, Mama hakukunyima. Alikuwa nao wimbo wako mkononi, na mimi nikauzima kwa sababu ya makofi ya watu ambao hata majina yao siyakumbuki. Ningeweza kumwandikia kila mmoja barua yake, kila mmoja aisome peke yake. Lakini kwa kuwatenganisha ndivyo nilivyowakosea, ndiyo maana nimepeleka karatasi hii kwa mzunguko. Mmesikia neno moja, saa moja, kwa mdomo wa yule niliyemsingizia. Nisamehe, Zaituni, kwa kukusomesha uchafu wangu kwa sauti yako.

Sijui kama wimbo uliopitwa na siku yake unaweza kuimbwa. Hilo ni lako, Mama, si la kuamuliwa na mimi. Ukiuimba, msiniandikie unasemaje. Sistahili kuujua. Mkinikasirikia, kasirikeni pamoja. Hata mwaka nitavumilia, na likizo ikifika nitakuja niketi uani mbele ya wamama wote niseme haya kwa mdomo wangu.

Nisalimie mama mdogo Hawa, mwambie maneno yale nilimbebesha bure, hakuwa na kosa. Nisalimie wamama wote waliokuja na ngoma siku ile wakarudi nazo kimya. Shemeji yangu fundi baiskeli wa Koboko, mwambieni hakuwahi kuchukiwa na mtu katika nyumba hii. Na mjomba wa kule Dadamu, kama amepona kifua, apate salamu zangu.

Sasa nimefika mwisho. Zaituni, kama umefanya nilivyomwagiza dereva akuambie, mwanao Farajala yuko mgongoni mwako. Mama, ana mwaka mmoja na miezi, wamempa jina la Baba, na nina hakika tangu wameingia hujamtazama usoni.

Ni mimi mwanao, na kaka yako,
Rajabu

Zaituni, weka karatasi chini. Mpe Mama mtoto.