Mwenzangu Hatunaye

KITUO CHA POLISI, OFISI YA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Katika video husika anafahamika kama Mama Breki.
Umri: Miaka 41
Kazi: Mwalimu wa udereva
Makazi: Chumba cha kupanga nyuma ya tawi la chuo cha udereva, mji wa jirani
Uhusiano na mtuhumiwa: Mke
Uhusiano na anayedaiwa kuwa marehemu: Ndiye mwenyewe
Tarehe na saa ya kuanza maelezo: Jumanne, tarehe 11 mwezi wa tisa, saa nane mchana

Mimi niliyeelezwa hapo juu ni mzima wa mwili na akili, na nimeingia kituoni kwa miguu yangu. Nimeombwa nianze na hilo, basi naanza nalo: niko hai. Nimetoa kitambulisho, nimetoa leseni, na afande amelinganisha uso wangu na picha zote mbili, akanitaka na mtandio niuvue. Kama kuna dirisha jingine la kuonyesha uhai, nielekezwe.

Mtuhumiwa aliyeko mahabusu ni mume wangu wa ndoa. Ni fundi wa majokofu na viyoyozi, kazi anafanyia uani kwetu, na mtaa mzima unamwita Fundi Baridi. Hatukujaliwa watoto. Tuna kochi la watu wawili, televisheni, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikuwa na filamu.

Mume wangu anapenda filamu za anga za juu, zile za vyombo na roboti na watu wa miaka ijayo. Anazipenda kabla hajaziona. Huanza kusimulia picha ya kwenye kasha tangu Alhamisi, Jumapili ikifika anafua shati. Halafu filamu inaanza, na ndani ya nusu saa namwona anavyonywea. Nyingi ni mbovu, afande. Sayari nzima ina watu sita, na wote wanazungumza kwa zamu.

Mambo ya video yalianza kwa ajali. Siku moja filamu ilikuwa mbaya mpaka nikapitiwa na usingizi. Yeye akaegemeza simu kwenye pasi, akajirekodi karibu yangu, akiiga mtangazaji wa redio: “Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha mke wangu mpendwa, kilichotokea dakika ya kumi na nne. Marehemu ameuawa na hotuba ya nahodha. Ameacha chai nusu kikombe na mjane wa kiume asiyejua sukari inawekwa wapi.” Nikaamka katikati nikauliza, “Nani kafa?” Aliirusha mtandaoni vilevile, na watu wakacheka sana.

Ikawa ndiyo kanuni yetu. Tunaangalia filamu, anayeshindwa kwanza ndiye marehemu, na aliyebaki anasoma tanzia. Tuliita kipindi Tumeangalia, Usiangalie. Kila mtu alikosoa kwa ujuzi wake. Kulikuwa na filamu moja ya abiria waliogandishwa ndani ya chombo miaka mia tatu. Mume wangu alisimamisha picha, akasogea hadi kwenye kioo, akasema, “Jamani, huu mlango haufungi, mpira umeachia. Hawa walioza tangu mwaka wa pili. Hapo kilichoamka ni harufu.” Mimi nilisema rubani amekata kona katikati ya nyota bila kuangalia kioo cha pembeni, na angekuwa mwanafunzi wangu ningemshushia hukohuko.

Watazamaji walidhani tunazichukia. Mimi najua mume wangu hakuchukia hata moja. Mtu hawezi kuumia hivyo na kitu ambacho hakukitumainia.

Mnamo mwezi wa pili mwaka huu chuo changu kilifungua tawi, nikaombwa nikawe mwalimu mkuu. Sikujibu papo hapo. Kulikuwa na jambo nililotaka kuzungumza na mume wangu kwanza. Siku hiyo jioni nilimfuata uani, nikamwambia, “Mume wangu, mimi humu ndani nina upweke.” Sikuwa natania. Alishika bisibisi kama kipaza sauti, akatangaza kifo cha upweke wangu, mazishi kesho, maua hayapokelewi.

Nilicheka. Afande ameuliza kama tuligombana, ndiyo maana nasema nilicheka. Hatukugombana. Niliingia ndani nikafunga begi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe huwa hauna kelele.

Alinibebea begi hadi stendi. Alinikumbusha kuvuta breki ya mkono kwenye miinuko, mimi, mwalimu wa udereva. Sikumwambia nitarudi lini, naye hakuuliza. Tangu hapo tulitumiana salamu tu, za hujambo sijambo, umeamkaje, gesi ya kupikia imeisha.

Jumapili iliyofuata nilikaa kitandani na simu, nikaona kipindi kimeendelea. Yeye alikuwa upande wake wa kochi. Upande wangu ulikuwa mtupu, ila kikombe changu kimewekwa mbele ya nafasi hiyo, na mvuke unatoka. Alikosoa filamu, kisha akasoma tanzia yangu kana kwamba niliketi pale nikafa.

Tangu siku hiyo ameniua kila Jumapili. Mara nimepiga miayo taya zikakwama. Mara nimesikia kuna sehemu ya pili, moyo ukasimama. Mara roboti kamwambia binadamu anampenda, nikajitupa dirishani, nyumba yenyewe haina ghorofa, nikarudi kujitupa tena. Mara moja alinizika nyuma ya tangi la maji. Alichimba kweli kwa jembe, akashusha kasha la viatu lenye diski ya filamu, akafukia, akasema, “Pumzika, mama, ulikuwa na haki.” Hilo ndilo shimo lililofukuliwa na askari jana. Nimeambiwa diski iko hapa kama kielelezo. Nashauri askari wasijaribu kuiangalia.

Afande ameuliza kama video hizo nilizichukulia kuwa vitisho. Hapana. Ili mtu akuue kila Jumapili, lazima kila Jumapili akuwekee kwanza mahali pa kukaa. Nilizisubiri. Jumamosi nilikuwa nafua mapema ili Jumapili nisiwe na kazi. Nilikuwa namjibu kwa sauti peke yangu chumbani, namwambia hapana, hapo umekosea, hapo nisingekufa, ningevumilia. Mpangaji wa chumba cha pili aliniuliza mgeni wangu huwa anapita mlango gani.

Nilikuwa na hamu naye. Afande ameuliza aliandikeje hilo kwenye maelezo ya polisi. Aliandike hivyohivyo. Nilikuwa na hamu naye, na harufu ya grisi ya mikono yake, na anavyouliza swali halafu anajijibu. Kitanda changu kule ni cha mtu mmoja, na bado nilikuwa nalala ukingoni.

Juzi Jumapili, tarehe 9, nilifungua simu nikakuta video fupi. Hapakuwa na filamu wala kikombe. Mume wangu aliketi katikati ya kochi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakuiga sauti ya redio. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, “Leo hakuna filamu. Niko peke yangu. Mwenzangu hatunaye.” Akanyoosha mkono akazima.

Sote tunajua neno hilo linasemwa wapi. Ukisikia fulani hatunaye, unavua kofia. Lakini mimi nimeishi naye miaka kumi na sita, nikasikia alichokisema. Hakuweza kusema nimemwacha, kwa sababu sikumwambia nimemwacha. Hakuweza kusema nimesafiri, kwa sababu msafiri huulizwa anarudi lini. Akatafuta neno la katikati, akaokota hilo. Miezi yote aliyokuwa ananizika kwa mzaha hakuna aliyenililia. Siku aliyosema ukweli, watu wakaanza kutuma rambirambi.

Mimi sikufanya kitu. Niliiangalia tena na tena, nikaandika ujumbe, nikafuta. Jumatatu nikaenda kazini.

Mlalamikaji ni jirani yetu muuza magodoro. Simlaumu. Hajawahi kukosa kipindi chetu hata kimoja, na nimesikia jana alifunga duka akaja kutoa pole akiwa na viti viwili kichwani. Alifika nyumbani hakuna turubai, hakuna watu, na mume wangu yuko uani anasugua jokofu kubwa la kulala kwa dawa ya kukata harufu. Akauliza, “Fundi, msiba uko wapi?” Mume wangu akajibu, “Uko humu,” akajigusa kifua. Muuza magodoro anaapa aligusa jokofu. Nadhani wote wanasema kweli, maana mume wangu alikuwa ameliinamia.

Yaliyofuata nimeelezwa na afande. Majokofu yote ya wateja yalifunguliwa, yakakutwa na barafu, na moja lina kuku wa watu. Mume wangu aliulizwa mkewe yuko wapi, akasema, “Yupo.” Yupo wapi? “Yupo tu.” Alitakiwa atoe namba yangu, akakataa, akasema nisisumbuliwe, nafundisha watu barabarani.

Leo asubuhi saa mbili nilikuwa na mwanafunzi kwenye usukani, anajifunza kuondoka kwenye mwinuko. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akapiga simu. Akasema, “Wifi, uko hai?”

Nikamwambia, “Nipo, kuna nini?”

Akalia. Halafu akanitukana. Halafu akasema, “Basi huo uhai ulete polisi, kaka yangu amelala sakafuni kwa ajili yako. Nimewaambia uko hai, wanasema dada mtu hawezi kuwa ushahidi.” Nilimwambia mwanafunzi asimame. Akasimama palepale katikati ya barabara, nikamshukuru, nikashuka. Nilipanda basi la kwanza nililolikuta.

Njia nzima nilikuwa najiandaa kuja kumgombeza mume wangu. Nilishapanga hadi maneno ya kuanzia. Nilipofika hapa kaunta, afande akanieleza jambo moja, na nimeomba liandikwe. Jana usiku walimhurumia. Walimwambia, Fundi, sema tu mkeo amekuacha, tuliandike, usaini, asubuhi tulifuatilie uende zako. Akasema hilo hasaini. Wakamwambia anajua anachotuhumiwa? Akasema anajua, lakini hilo hasaini.

Hapa afande aliweka kalamu chini kwa muda, kwa sababu yangu.

Naendelea. Afande anasema jalada haliwezi kufungwa bila sababu ya mimi kutokuwa nyumbani tangu mwezi wa pili. Amesema sababu ziko mbili zinazoandikika, kutengana au safari, na kwamba haniharakishi, lakini zamu yake inaisha saa kumi na moja. Nimemwambia huwa nawafundisha wanafunzi wangu kwamba kwenye njia panda huruhusiwi kusimama kufikiri maisha. Unaangalia kushoto, unaangalia kulia, unakwenda.

Aandike safari.

Afande ameuliza tarehe ya kurudi. Leo.

Nimesomewa haya yote kwa sauti, nimesahihisha mahali palipoandikwa “marehemu” badala ya “mimi”, na yaliyobaki ni maneno yangu, nayakubali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA OFISA

Nathibitisha kuwa shahidi alizungumza kwa hiari mbele yangu na kwamba alikuwa hai muda wote wa mahojiano. Hakuna kosa lililobainika. Mtuhumiwa alitolewa mahabusu saa kumi na dakika ishirini. Nilimwambia kuna mtu kaunta anamsubiri, sikumwambia ni nani. Alipomwona shahidi kwenye benchi alisimama mlangoni, viatu mkononi, na nilimpa muda kwa kuwa nilidhani atatania. Hakutania. Alimuuliza kama amekula. Shahidi alisema bado. Jalada limefungwa.

Sahihi ya ofisa: (imewekwa)