Dirisha la Banda Lako la Kuku

Mama Kabula,

Kuku wako wamekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe hukuwahi kupenda mtu wa kuzunguka. Wamekufa ishirini na watatu, jogoo wote watatu wakiwa humo. Hawakuibwa, hawakuliwa na kicheche, na wala si ule ugonjwa wa kideri. Niliwaua mimi.

Naandika kwenye daftari la Kabula la darasa la saba, lile ulilokataa tusiwashie moto. Nimekaa jikoni kwako, kwenye kigoda chako, maana ndani ya nyumba mchana sikai. Usiku nina nafuu, mwili ukichoka unalala wenyewe. Mchana ndio mgumu. Uani hapa Mwamkulu hapajawahi kuwa kimya tangu tulipohamia, na sasa nikimwaga maji ya kunawia nayasikia yakiingia ardhini.

Siku ile unapakiwa kwenye bajaji kwenda hospitali, miguu imekuvimba hata kandambili haziingii, niliona unanigeukia nikajua utasema jambo la ugonjwa. Ukasema, "Kuku wangu, Baba Kabula. Usije ukaniachia wakaisha." Nikakujibu kwamba utarudi uwalishe mwenyewe. Nilikujibu kwa ukali kidogo, kama kawaida yangu nikiogopa. Hukurudi. Kwa hiyo ile ndiyo kazi uliyoniachia, moja tu, na imenishinda.

Unakumbuka tulivyohama kutoka kwetu kule Usukumani? Mimi natembea na ng'ombe, wewe uko juu ya lori na vyombo, na mapajani umekumbatia tenga lenye tetea mmoja wa kishungi, uliyepewa na mama yako siku ulipoanza kupika kwenye nyumba yako mwenyewe. Nilikucheka mbele ya watu. Nilisema mwenzenu anahamisha kundi lake. Ukalivuta tenga karibu zaidi. Tulipokutana huku Katavi ukanionyesha yai alilotaga njiani, umelifunga kwenye pindo la kanga, halijapata hata ufa. Kuku wote wa kishungi waliopita uani kwetu miaka yote hii walitoka kwa tetea yule. Nilikula mayai yao, nikala supu yao nilipougua, na bado kila mtu akiniuliza nafuga nini nilijibu ng'ombe.

Nataka ujue kwamba mwanzoni nilijitahidi. Usidhani niliwatupa. Baada ya msiba niliamka kila asubuhi nikawapa pumba na maji. Nilijifunza kuwaita kwa ulimi kama ulivyokuwa unawaita, na mara ya kwanza hawakuja, walisimama wakanitazama kama mgeni asiyepiga hodi. Yule bwana mifugo alipopita na dawa ya kideri niliwashika mmoja mmoja, wakadondoshewa tone lao machoni. Mnadani wenzangu walinicheka, wakasema mzee siku hizi anachunga wenye miguu miwili. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa najisikia kama vile nakuhudumia wewe.

Kisha ikaja baridi.

Mwaka huu baridi imekuwa kali, Mama Kabula, au labda ni mimi ambaye sina mtu wa kulalamika naye. Mpunga umeshavunwa, mabonde yako wazi, upepo unakuja bila kizuizi. Asubuhi nilikuwa nawafungulia kuku wanatoka wamevimbisha manyoya, wanasimama kwa mguu mmoja kwenye jua la ukutani, hawataki hata kuparura. Yai likawa la nadra. Nilikata matembele nikayafunga kwa kamba yaning'inie, kama ulivyokuwa unafanya ili wachangamke kuyarukia. Walirukaruka kidogo wakaacha. Nilitia pumba za mpunga chini bandani, nene, kutoka mashineni. Nilipasha maji yao moto. Bado nikiwatazama nilikuwa naona wanateseka, na nilikuwa nimeshatazama mtu akiteseka mwaka huu, sikuwa na nguvu ya kutazama tena.

Sasa lile dirisha.

Lile la juu ya mlango, ukubwa wa sinia, lenye wavu. Kila mwaka baridi ikianza nilikuwa naliziba kwa gunia, na kila mwaka nilikuta gunia limeondolewa. Sidhani kama tuligombana kwa jambo jingine kwa uaminifu kama huo. Nilikuwa nakwambia unawaua kwa baridi. Na wewe, huku unapeta mchele, hata hunitazami: "Nyie watu wa ng'ombe hamjui. Kuku ana manyoya yake, baridi haimuui. Akifungiwa na mavi yake usiku kucha, hiyo hewa ndiyo inamuua." Nilikuwa nacheka. Nilisema tangu lini kuku akasomea hewa.

Jioni ile upepo ulikuwa unapiga mabati mpaka yanalia. Kuku walikuwa wameshaingia. Nilichukua gunia, nikaliziba dirisha, na safari hii nikaligongelea misumari kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuliondoa. Mlango nao nikauziba chini kwa matambara. Kisha nikafanya jambo ninalolifanya zizini tangu nikiwa mtoto. Nilichukua mavi makavu ya ng'ombe, nikayawasha kwenye lile karai bovu, nikaacha yafuke taratibu, kama tunavyowafukizia ng'ombe baridi ikiwazidi na nzi wakiwasumbua. Ng'ombe wanaupenda moshi ule. Wanausogelea wenyewe, wanalala karibu nao, unawasikia wanacheua. Nikafikiri na hawa watafarijika. Nililiweka karai katikati ya banda, nikalizungushia matofali wasije wakaungua. Niliwaza hata kuungua. Nikafunga mlango nikaenda kulala, na niseme kweli, usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilijiona nimefanya jambo ambalo ungelisifu.

Zizi halina paa, Mama Kabula. Miaka yangu yote nimeishi na moshi ule na sikuwahi kufikiri kwamba unatoka kwa sababu juu kuna mbingu. Na redioni tunasikia kila mwaka, watu fulani wamelala na jiko la mkaa ndani, hawakuamka. Huwa natikisa kichwa nasema watu hawana akili.

Asubuhi jogoo hakuwika. Nilikaa kitandani nikimsubiri. Nilipofungua mlango walikuwa bado juu ya fito zao, baadhi yao, wamekaa kama wamelala, vishungi vimeinama. Wengine walikuwa chini. Yule mwekundu uliyemwita Bibi Harusi alikuwa ameegemea mlango kwa ndani, akaanguka miguuni kwangu nilipouvuta. Moshi wenyewe ulikuwa kidogo tu. Nilimshika Bibi Harusi, mwili ulikuwa na joto bado. Nilikuwa nimewapa joto nililolitaka.

Nililia kuliko nilivyolia msibani kwako. Nisamehe kwa hilo. Kwako kulikuwa na watu wengi na mimi ni mwanaume, nilikuwa nahesabu viti na kuuliza kama wageni wa mbali wameshakula. Pale bandani nilikuwa peke yangu, yakaja yote.

Na bado sijamaliza, kuna baya zaidi. Mama Zaituni wa dukani alikuja kuniletea viberiti, akanikuta nawapanga chini ya mpapai. Akashika kichwa. "Maskini baba, kideri hicho! Usimpe mtu nyama yao, wafukie." Na mimi nikasema ndiyo. Nilisema, kideri, kimepita usiku. Kumbe dawa waliipata, kwa mkono wangu, na kila mtu aliniona. Mama Zaituni akasema labda dawa ilikuwa imeharibika. Nikasema labda. Kwa hiyo nikawafukia wote, kuku wasio na ugonjwa wowote, wewe ambaye hukuwahi kutupa hata utumbo. Na Mama Zaituni kwa hofu alichinja kuku wake wote tisa ndani ya siku mbili, hata wale waliokuwa wanataga, kabla kideri hakijafika kwake. Aliniletea mguu na firigisi kwenye bakuli, pole ya mjane. Niliipokea. Nilikaa na lile bakuli mpaka mafuta yakaganda juu, kisha nikampa mbwa.

Kabula naye nilimwambia hivyo hivyo kwenye simu. Akalia. Akasema, "Baba, usijilaumu, kideri hakina mwenyewe."

Nimekaa na neno hilo wiki mbili. Lakini si kuku tu wanaonikalia kooni, na wewe unajua, kwa hiyo niseme.

Siku ile ya mwisho hospitalini mvua ilikuwa inanyesha, dirisha la upande wako likawa linaingiza manyunyu. Nililifunga. Ukasema, "Nifungulie dirisha, Baba Kabula." Nikakwambia utapata baridi, nikakufunika blanketi mpaka shingoni. Ulinitazama. Kisha ukageuza uso ukutani, na hukusema tena. Daktari alieleza baadaye kwamba ni moyo, kwamba maji yalikuwa yamejaa mapafuni, dirisha lisingebadili kitu. Namwamini, yeye amesoma. Lakini uliniomba hewa na mimi nikakupa blanketi. Miaka yote ile uliniambia habari ya hewa, na siku uliyoihitaji wewe mwenyewe nilikujibu kwa maneno yale yale ya bandani. Kuku waliniomba nini? Hawakuniomba chochote. Wao niliwaamulia tu.

Sijui nilifanyie nini pendo langu, Mama Kabula. Likipata kitu cha kushika linakiziba.

Amebaki mmoja. Mpangaji. Yule tetea uliyempa jina hilo kwa sababu alikataa banda akahamia jikoni, na mimi nikakwambia nitamtoa kwa nguvu maana halipi kodi. Alikuwa ameatamia mayai kumi na moja kwenye tenga nyuma ya mafiga. Jioni ile ile nilitaka kumhamishia bandani na mayai yake apate moshi na wenzake. Aliniparua na kunidonoa mkono mpaka damu, nikamtukana nikamwacha. Alama bado ninayo hapa juu ya kidole gumba. Naitazama sana.

Alhamisi mayai matano yalianguliwa. Mengine hayakuwa na kitu. Wawili niliwakuta asubuhi wamepoa, walijitenga na mama yao upande wa upepo. Wamebaki watatu. Hawajaota vishungi, na sijui nani tetea nani jogoo, wewe ungewashika tu ukajua. Nikiinama kuwatazama Mpangaji anavimba kama nyoka. Yeye ananijua.

Na Jumapili Kabula anakuja. Wamepata nyumba yao Ilembo, vyumba viwili, wametoka kwa wakwe. Anaanza kupika kwake. Ulimwahidi tetea wa kishungi siku hiyo, kama mama yako alivyokupa. Kwenye simu aliniambia kwa sauti ndogo, "Baba, kama hawapo basi." Nilimwambia aje na tenga.

Atamchukua Mpangaji na vifaranga vyote vitatu. Mimi sibakizi hata kimoja. Najua utasema uani kusikose kuku, lakini wewe huoni ninavyoamka mara tatu usiku kuwafunika, kisha naogopa nimewafunika mno, narudi nawafunua. Kwa Kabula wataishi. Ana mkono wako, na kichwa chake si cha ng'ombe.

Kabla hajamfunga Mpangaji miguu nitamweleza. Nakuahidi hilo, na ninaandika barua hii ili nisikwepe. Nitamwambia si kideri. Nitamwonyesha karai na gunia na matundu ya misumari. Kisha nitamwambia na lile dirisha jingine, la hospitalini, ambalo yeye hakuliona maana alikuwa ameenda kununua uji. Akiamua asinipigie tena simu, nitakuwa nimestahili. Kutoka hapo nitaenda kwa Mama Zaituni na bakuli lake.

Lala, Mama Kabula. Sikuombi unisamehe, hujazoea kusamehe haraka na sitaki uanze sasa kwa ajili yangu. Gunia nimeshalitoa. Nalala siku hizi na dirisha la chumbani wazi, upande wako, na baridi inaingia yote. Naiacha.

Wako,
Baba Kabula