Mitego Thelathini ya Dechamma

Kodagu, 2 Mei 2004

Mwanangu Dechamma,

Hujambo? Sisi hatujambo, goti la mama yako limepoa kidogo, anakusalimu. Mimi afya ninayo, ila nina hasira, na bora uzipate zikiwa za moto.

Uliniambia harufu ya bungua dume, hawa wadudu wanaotoboa mibuni, mnayoitengeneza huko maabara itawaita majike waje wenyewe mtegoni. Nikatundika mitego yote thelathini. Wamenaswa kumi na mmoja! Huku mibuni ya karibu na nyumba inanyauka, mashina yametobolewa. Najua wanakotoka. Wanatoka kwa Poovamma, mjane wa mdogo wangu, ng'ambo ya kijito, asiyejua hata kupogoa. Nimemwambia mbele ya watu ang'oe mibuni yake yote, na asikanyage kwangu mpaka amalize. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo, atanisikia.

Harufu zako hizo jipake mwenyewe, labda utapata mume.

Baba yako

Bengaluru, 9 Mei 2004

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Mpe mama pole ya goti.

Mume nitajitafutia. Lakini umethubutuje kumdhalilisha mama mdogo mbele za watu? Mama alipolazwa, nani alinilisha mwaka mzima? Mibuni ile mia nne ndiyo shamba lake lote, hana kingine. Mwambie asing'oe hata mmoja!

Mtego hautibu mti, Baba. Unanasa wanaoruka tu. Nijibu mawili, bila kunizungusha: wale kumi na mmoja walinaswa kwenye mtego upi? Na ile mibuni migonjwa uliyoing'oa Februari, mashina yake yako wapi?

Binti yako

Kodagu, 20 Mei 2004

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mvua za kwanza zimenyesha, na goti la mama yako limeanza tena.

Unanihoji kama polisi. Haya. Wote kumi na mmoja wamenaswa kwenye mtego wa nyuma ya bafu. Mashina nimeyapanga papo hapo, chini ya paa, yasiloane. Kuni za mbuni zina moto mzuri wa kuchemshia maji ya kuoga. Marehemu baba yangu alifanya hivyo, na babu yake pia. Nani mwenye akili anachoma kuni nzuri shambani bure?

Na habari njema: Poovamma ameng'oa yote mia nne. Alimaliza juzi. Sasa utaona.

Baba yako

Bengaluru, 27 Mei 2004

Shikamoo Baba.

Niko salama. Sina salamu nyingine.

Bungua mchanga anaishi ndani ya shina. Ukiling'oa, hafi. Anaendelea kula mpaka aote mabawa, halafu anatoboa na kutoka. Wewe ukamwekea paa! Umewafuga bafuni kwako, ukawaacha waruke kwenye mibuni yako, kisha ukaling'oa shamba la mjane. Nilikuandikia Januari: choma hapohapo shambani. Ulisoma nini?

Choma leo. Kisha vuka kijito ukamwambie mama mdogo kwa mdomo wako. Usimtume mama. Mpaka uende, usitarajie barua yangu.

Dechamma

Kodagu, 30 Agosti 2004

Mwanangu Dechamma,

Natumaini hujambo. Miezi mitatu hujaandika, nami sikulalamika.

Kuni nilizichoma siku ileile. Kuvuka kijito ndiko kulikonishinda. Kila asubuhi navaa viatu, kila asubuhi navivua. Jana nilikwenda.

Nilimweleza yote. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alinipeleka nyuma ya nyumba kuona mashina yake. Amepasua kila moja. Ndani ni safi, hakuna tundu hata moja.

"Shemeji, nilijua tangu shina la kwanza," akasema.

"Ukajua, na bado ukaendelea kung'oa?" Naapa, nilimkasirikia yeye!

"Uliamuru mbele ya watu. Ningekuja kukubishia, ungenisikia?"

Nikakaa barazani kwake mpaka jua likawa kali, naona haya kukaa na naona haya kuondoka. Mwishowe akatoka, akasimama mlangoni mikono mitupu.

"Shemeji," akasema, bila ubaya wowote, "ningekupa kahawa. Sina."

Baba yako