Kumtia Akili Mpinzani wa Bibi

Jumanne, 3 Juni
Bibi Verlie kaichapa kompyuta tena kwenye mchezo wa video wa futiboli ya Kimarekani, 63–0. Yeye huchezea chuo cha Harlan, zambarau. Kompyuta huchezea chuo cha Lathem, kijani, mahasimu wetu. Amekaa na nyonga yake mpya ya bandia, karanga za kuchemsha pembeni, wala hana furaha. "Kumpiga mpumbavu kuna raha gani, Corliss?"
Kweli, pumbavu. Jaribio la nne, la mwisho, imebaki yadi moja tu ipate majaribio mapya, iko nyuma pointi arobaini — nayo inapiga mpira mbali na kumrudishia Bibi! Kocha wa hapa Alabama angefanya hivyo angehama mji.
Nimefungua faili la maamuzi ya kompyuta. Nitaitengeneza.
Nilitaka pia kumwambia ile habari. Sikumwambia.

Alhamisi, 5 Juni
Balaa! Sasa haipigi mbali kabisa. Iko mlangoni kwa goli lake mwenyewe, yadi tisa zimebaki, inajaribu tu. Bibi akasema inaamua mambo kama Royce alivyooa. Mjomba Royce akauliza: "Ndoa ipi, Mama?" Chai baridi ilinitoka puani.

Jumamosi, 7 Juni
Nimepata! Sina haja ya kubuni kocha. Ninaye. Nimeweka mechi ya zamani kwenye TV, nikazima sauti, nikaandika kila alichofoka Bibi.
"Piga mbali, mko nyumbani kwenu hapo!"
"Usipige, wee mwoga! Huoni mlinzi wao wa kati anachechemea?"
"Mnaongoza, mbona mnarusha? Kimbieni na mpira, muda uishe!"
Kurasa kumi na moja, zote naziingiza kwenye faili. Miaka arobaini ya kukaa jukwaani, hiyo.
Barua bado iko chini ya godoro. Lathem wamenipokea, naanza Agosti. Ndiko wanakofundisha kutengeneza michezo. Na katika nyumba hii hata maharage mabichi huchemshwa mpaka yaache ukijani!

Jumatatu, 9 Juni
Robo ya mwisho, dakika nne, Bibi anaongoza kwa pointi tatu tu! Amevaa kofia yake ya uwanjani. Kijani wako katikati ya uwanja, jaribio la nne, yadi moja.
"Atapiga," akasema.
Hakupiga. Akapita katikati, palepale mlinzi wa Bibi alipochoka.
"Mwizi! Ningefanya hivyohivyo!" Akanigeukia. "Nani kamfundisha huyu?"
"Wewe, Bibi. Mimi nimeandika tu."
Akacheka mpaka akashika nyonga. "Lathem wakikujua, watakuiba."
"Wameshaniiba, Bibi. Agosti."
Akasimamisha mchezo. Kisha akataka chai.
Nipo jikoni, naandika kwa kusimama, barafu inayeyuka. Sauti ya mchezo imerudi — hapana, imezimwa tena. Ananiita.
"Corliss! Iache mashine. Njoo ushike pedi ya pili ya kuchezea, uwachezee kijani wako mwenyewe!"
Sijui kakasirika au vipi. Kasema *wako*. Naenda.