Mwanangu Ananiletea Mwenyewe Kanga ya Kumfungia

Mpendwa Bi Mwanahawa, mshauri wetu, salaam aleikum. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana jambo lenyewe ukilisikia nusu utaniona mnyama, na mimi si mnyama, ni mama mtu mzima wa hapa Kitaya, nalima mpunga bondeni na nina mikorosho aliyoniachia marehemu mume wangu, naswali sala zangu tano, na darasa la saba nilimaliza ingawa mwandiko wangu unauona mwenyewe. Majina yote nimebadilisha.

Ninalea mtoto wa kike wa marehemu mdogo wangu. Nitamwita Vania. Baba yake, Mauricio, asili yake ni ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, na baada ya msiba alirudi kwao, akaniambia, "Shemeji, huyu mtoto mimi simwezi, wewe anakujua," na ni kweli alikuwa ananijua, maana tangu mama yake aanze kuugua alikuwa halali mpaka nimlaze mimi. Sasa ana miaka tisa. Hasemi. Ukimwita hageuki, lakini funua sufuria ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nyuma ya nyumba uone kama hajafika kabla mvuke haujaisha. Mtu hamwangalii usoni. Anapenda kusuguliwa sikio akitaka kulala, na anapenda maji, na hayo maji ndiyo balaa langu.

Mwaka juzi alinitoka nikiwa natwanga, tukamkuta ameshaingia mtoni maji ya kifuani, anacheka, anayapiga kwa viganja, pale pale ambapo mamba alishamchukua mtu, na sisi wanawake tunapiga kelele ukingoni hakuna anayethubutu, mpaka mvuvi mmoja anaitwa Rajabu akamfuata na mtumbwi akamnyanyua kama gunia. Aliponikabidhi akasema, "Mama, huyu leo Mungu kakurudishia. Kesho mimi naweza nisiwepo."

Tangu siku hiyo namfunga. Nimeandika, basi.

Namfunga kiunoni kwa kanga, mwisho wa kanga naufunga kwenye nguzo ya jiko la nje, kivulini, namwekea maji na chakula na vifuu vyake vya kuchezea, halafu naenda shamba, au bombani, na hata nikiswali namfunga, maana aliwahi kunitoka nikiwa nimesujudu. Kanga yenyewe ni ya mama yake. Ilikuwa doti, kipande kimoja najitanda nikiswali na kipande cha pili ndicho hicho, maua yake mekundu yamepauka na maandishi hayasomeki tena. Niliona heri kanga ya mama yake kuliko kamba, na usiniulize akili hiyo niliitoa wapi. Lakini nikiwa kwenye sala nasikia nguzo inalia akijivuta, na sijui Mwenyezi Mungu anazipokeaje sala za mtu kama mimi.

Watu wanajua. Kuna jirani yangu, kila tukikutana bombani lazima aniulize, "Bi mkubwa, mbuzi wako leo umemfunga penye majani mazuri?" na wenzake wanacheka, na mimi nacheka nao, halafu nikifika nyumbani natua ndoo nalia.

Na kuna hili linaloninyima raha zaidi. Siku hizi kanga ananiletea mwenyewe. Asubuhi akiniona nimeshika jembe anaingia ndani, anaitoa pale ninapoitundika, anakuja nayo, anasimama mbele yangu amenyanyua mikono nimfunge. Nilimwambia Happiness, huyu mhudumu wetu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba, siku alipotukuta namwogesha Vania akaona alama kiunoni kwa mtoto, nikamwambia, "Unaona, amezoea, wala haimuumizi." Happiness alimfuta mtoto maji, akaondoka.

Sasa halmashauri wanapita vijijini kuwatambua watoto wenye mahitaji maalumu. Kwangu walifika, afisa ustawi wa jamii, binti mmoja mpole tu, na mtendaji wa kijiji, na Happiness yuko nao. Mimi nilishasikia wanakuja, Vania nimemfungia chumbani na ming'oko yake, nikawaambia mtoto yuko ng'ambo kwa bibi yake. Happiness akaangalia chini. Jioni akarudi peke yake.

"Dada, umeniweka pabaya."

"Pabaya wapi, na wewe hukusema kitu?"

"Ndiyo pabaya penyewe. Wanarudi mwezi ujao. Wakiniuliza, mimi nasema. Nakupenda, lakini nitasema."

"Watamchukua."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu hao hao wa mbuzi?"

Lakini Bi Mwanahawa, watu wanasema watoto wa namna hii wanapelekwa bwenini mjini, na mlezi aliyefunga mtoto anapelekwa polisi. Polisi naweza kwenda, mimi mtu mzima. Ila huko bwenini nani atajua kwamba huyu halali mpaka asuguliwe sikio la kushoto? Haelewi kitu, dada yangu. Mtu asiyeelewa kitu utamwelezaje kwamba utarudi kumchukua? Atajua nimemtupa, kama baba yake alivyomtupa, na hana hata mdomo wa kuniuliza kwa nini.

Mauricio nilimpigia simu, akasema nimpeleke mtoto Kilambo, kwenye kivuko, atampokea wavuke, akae kwa mama yake, Bibi Odete, mpaka hawa wa halmashauri wapite. Bibi Odete ni mtu mwema ila macho yamemwishia, na nyumba yake naambiwa iko karibu na maji kuliko yangu. Nguo za mtoto nimeshazifunga kwenye mfuko, ziko mlangoni, kila siku nazitazama.

Je, nimvushe, au nimtoe nje wamwone na mimi wanifanye watakavyo? Nijibu kabla hawajarudi. Mimi sina mtu mwingine wa kumwambia haya.

Mama mkubwa wa Vania,
Kitaya.

Bi Mwanahawa anajibu:

Dada yangu, wa aleikum salaam. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Hasira iliyonipanda katikati imepungua, haijaisha, kwa hiyo nivumilie.

Mtoto usimvushe. Fungua huo mfuko mlangoni, rudisha nguo mahali pake. Mtoto anayekimbilia maji unampandisha mtumbwi, unampeleka kwa mzee asiyeona, kwenye nyumba iliyo karibu na mto kuliko yako, ili binti mmoja mpole wa halmashauri asimwone? Ulimfunga ili asizame, sasa unataka kumpeleka majini mwenyewe. Hofu imekuzungusha mpaka umerudi kule kule ulikokuwa unakukimbia.

Na kumfunga, acha. Najua mto wenu, najua mpunga haujilimi, wala sitakuita mnyama. Umemfunga kwa sababu ulikuwa peke yako, na umekuwa peke yako kwa sababu umekuwa ukimficha. Lakini alama kiunoni ni alama, hata kanga iwe ya nani. Siku nyumba ikishika moto uko shamba, au nyoka akiingia jikoni, hiyo kanga itamlinda na nini?

Sasa nirudi pale ulipopita haraka. Umeniandikia kwamba Vania haelewi kitu. Na juu kidogo umeniandikia kwamba akikuona umeshika jembe anakwenda kuleta kanga. Nani alimfundisha? Hakuna. Alikutazama, huyo usiyemwona anatazama watu, akapanga kichwani mwake: jembe, halafu kanga, halafu mama mkubwa anaondoka, halafu mama mkubwa anarudi. Kila siku umerudi, na yeye ameshika hilo. Wewe umeona mtoto aliyezoea kufungwa. Mimi nimeona mtoto aliyejifunza somo zima bila mwalimu. Happiness aliondoka vile kwa sababu inauma kumwona mtoto akinyanyua mikono afungwe. Hata mimi imeniuma. Lakini mtoto huyo anafundishika, dada, na anastahili kufundishwa kitu kizuri kuliko hicho.

Kwa hiyo usingoje waje. Nenda kwa Happiness leo hii, mwambie twende wote, na mtoto mumshike mkono. Mbele ya huyo afisa ustawi sema mwenyewe: nilidanganya, mtoto alikuwa chumbani, namfunga, na sababu ni hii. Utaulizwa maswali magumu, sitakuficha, na huenda ukaonywa. Yajibu. Mlezi aliyekuja mwenyewe anaomba msaada hafanani na mlezi aliyefumaniwa, na hao watu wanajua tofauti. Mweleze afisa habari ya Rajabu na mto, asidhani unafunga kwa ukatili. Halafu nawe uliza yako. Omba mtoto apimwe masikio na apimwe na daktari anayejua watoto wa namna yake. Uliza kama kuna shule yenye mwalimu wa elimu maalumu anayoweza kwenda asubuhi akarudi jioni, kabla hamjazungumzia bweni. Na ikifika bweni, uliza utamtembelea lini, na useme habari ya sikio la kushoto. Iseme kwa sauti, hata wakitabasamu. Hakuna mwingine anayeijua.

Kabla hayo hayajakamilika, ua wako uzungushiwe wigo na mlango wake uwe na komeo juu, asikofika. Waombe Rajabu na vijana wa msikitini, hiyo ni kazi ya siku moja. Wigo huo ni wa mkiwa wote wawili ndani. Ukienda shamba lazima abaki na mtu mzima. Na huyo jirani wa bombani, siku akikuuliza habari za mbuzi usicheke. Mwambie, "Ni mtoto, anaitwa Vania, na kesho nakuomba ukae naye mpaka nirudi shamba." Atakataa au atakubali, lakini mbuzi hatamtaja tena. Ukiswali, mkalishe kwenye msala pembeni yako, na komeo limefungwa. Kuhusu sala zako zinapokewaje, mimi si wa kusema. Ila nguzo ikiacha kulia, na wewe utaswali kwa utulivu.

Umeniuliza utamwelezaje kwamba utarudi. Mbona ulishamweleza, kwa miaka miwili. Siku ya kumwacha kwa mwalimu, iwe ni kwa asubuhi moja au kwa muda mrefu zaidi, mpe ile kanga mkononi. Usiifunge popote. Atasimama akunyanyulie mikono, nawe ishushe taratibu, umwache ameishika. Anajua kinachofuata baada ya kanga.

Na siku ya kwenda kumchukua, jitande kipande mwenzake, kile unachoswalia, akuone kutoka mbali.