Pikapu ya Hassan Ilipolegea Mlimani

Mwende mjukuu wangu,

Tunakusalimu kutoka Tulia. Mahindi yamekauka lakini mbaazi zimezaa, na goti la babu yako limepoa.

Umesema gari lako la mtumba linakosa nguvu ukikanyaga mafuta, na fundi anataka kubadilisha turbo nzima, ile pampu inayosukuma hewa kwa injini. Acha nikuambie jinsi nilivyofika hospitali kumzaa mama yako.

Hassan, jirani yetu muuza mbuzi, alinibeba kwa pikapu yake ya turbo. Tulipofika mlimani ikalegea, ikawa inatambaa na kutoa moshi mweusi. Babu yako akasema ni dizeli chafu. Hassan akasema turbo imekufa. Wakabishana, na mimi uchungu umenikaza.

"Nyamazeni!" nikawaambia. "Hassan, hebu kanyaga tena."

Akakanyaga, nikasikia kitu kikipiga mluzi huko mbele.

"Kuna mahali inavuja hewa," nikasema.

Hassan akafungua boneti. Paipu ya mpira inayopeleka hewa kutoka turbo hadi kwa injini ilikuwa imechomoka kidogo. Akairudisha na kukaza kibano chake kwa bisibisi, akaungua vidole kwa joto la injini na asilalamike. Pikapu ikapanda mlima. Hassan alikaa nje ya wodi mpaka akasikia mtoto akilia, ndipo akaenda kwa mbuzi wake.

Kwa hivyo mwambie fundi aangalie paipu kwanza, na wewe usikilize. Ukija Disemba, pitia kwa Hassan. Siku hizi haoni vizuri, lakini mwambie wewe ni mtoto wa nani. Mimi kila nikimwona mama yako, humshukuru Mungu kwa ajili ya huyo mzee.

Nyanya yako anayekupenda,
Kalekye